Picha ya nyuma katika Pygame: jahazi laacha mchirizi, na programu yawa nzito

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum. Nasomesha hesabu na kompyuta katika skuli moja hapa Wete, Pemba, na ninawaandalia wanafunzi programu ndogo ya lugha ya Python, kwa kutumia Pygame (maktaba yake ya kutengenezea michezo), ambamo jahazi linapita mbele ya picha ya bandari niliyoipiga kwa simu. Dirisha lina upana wa pikseli 800 na kimo cha 600. Nikiichora picha mara moja kabla ya mzunguko mkuu (sehemu ya programu inayorudiwa mfululizo), jahazi huacha mchirizi kila linapopita. Nikiihamishia amri ya kupakia ndani ya mzunguko, mchirizi hutoweka lakini jahazi huenda kwa kujikokota. Isitoshe, dirishani huonekana kona ya juu kushoto tu ya picha, yaani mawingu matupu. Naomba nielezwe sababu, kwani sipendi kuwapa wanafunzi amri za kunakili bila ya kuzifahamu.

Mkaazi wa Mkunazini

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Hapo pana kazi mbili zinazopaswa kutenganishwa. Amri ya `load` husoma faili kutoka diskini na kuifumbua JPEG nzima, kazi nzito inayotakiwa kufanywa mara moja tu, ilhali `blit` hunakili pikseli ambazo tayari zimo katika kumbukumbu, na hiyo ndiyo ya kurudiwa kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya. Mchirizi unatokea kwa sababu Pygame haijui kwamba jahazi ni kitu kinachotembea; skrini yake ni kama ubao wa darasani, kilichoandikwa hubaki mpaka kifutwe. Kuchora picha ya nyuma upya, kabla ya jahazi, ndiko kufuta kwenyewe.

```
usuli = pygame.image.load("bandari.jpg").convert()
usuli = pygame.transform.smoothscale(usuli, (800, 600))

while inaendelea:
    # matukio na mwendo wa jahazi
    skrini.blit(usuli, (0, 0))
    skrini.blit(jahazi, (x, y))
    pygame.display.flip()
```

Mistari miwili ya mwanzo ikae baada ya `set_mode`, amri inayofungua dirisha, kwa kuwa `convert` huipa picha mpangilio wa pikseli ulio sawa na wa skrini, na bila ya skrini hakuna cha kulinganisha. Kuhusu mawingu: picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na dirisha lako lina 480,000 tu, Pygame haiipunguzi mpaka uiambie. Vipimo hivyo vina uwiano wa 4 kwa 3 sawa na dirisha, lakini picha ya 16 kwa 9 ingebanwa na milingoti ikarefuka isivyo, kwa hiyo ikate kwanza.

Mwanafunzi wa Chake

Naongeza kwa ruhusa yenu. Picha ya jahazi iwe PNG yenye uwazi, nayo itumie `convert_alpha`, inayouhifadhi uwazi huo, la sivyo litazungukwa na kisanduku. Ikiwa kompyuta za skuli ni kongwe, si lazima kuchora usuli (picha ya nyuma) wote: `skrini.blit(usuli, eneo, eneo)` hurudisha kipande kile tu lilipokuwapo jahazi, ambapo `eneo` ni mstatili wake wa fremu iliyopita. Mimi ningeanza na njia ya Mkaazi, kwani ni rahisi kuifahamu na mara nyingi inatosha.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana, jahazi sasa linakwenda vizuri na bandari yote inaonekana. Limebaki moja: wanafunzi wamezoea grafu ambayo y huongezeka kwa kupanda, na hapa huongezeka kwa kushuka. Je, niwabadilishie vipi?

Mkaazi wa Mkunazini

Nukta (0, 0) ya skrini iko juu kushoto, na `blit` hupokea mahali pa kona ya juu kushoto ya picha. Basi wahesabu kwa grafu waliyoizoea, kisha waandike `y = 600 - y_grafu - jahazi.get_height()`. Hapo `y_grafu` itakuwa kimo cha sehemu ya chini ya jahazi kutoka ukingo wa chini wa dirisha, na wataweza kuupima mstari wa maji katika picha yao wenyewe.