Mjadala: Johanne Luise Heiberg alibebwa na mumewe?

Wakuu, salaam.

Kila anapotajwa Johanne Luise Heiberg, mwigizaji wa Denmark wa karne ya 19, hakosekani wa kusema kwamba alikuwa mke wa mkubwa na ndiyo maana akawa mkubwa. Mimi nakataa, na naileta hoja hapa ijadiliwe.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Copenhagen mwaka 1812, mtoto wa wahamiaji maskini kutoka Ujerumani, baba Mkatoliki na mama Myahudi, waliokuwa wakiuza vyakula na vinywaji Dyrehavsbakken, uwanja wa burudani nje ya mji. Mwaka 1820 akaingizwa shule ya dansi ya Jumba la Maigizo la Kifalme. Mwaka 1831 akaolewa na Johan Ludvig Heiberg, mwandishi na mhakiki ambaye kalamu yake ilikuwa ikiogopwa mjini. Bibi harusi alikuwa na miaka 18, bwana harusi 39. Kisha mwaka 1849 mume akapewa ukurugenzi wa jumba lilelile analoigizia mke, akakaa nao hadi 1856. Maneno mengi ya upendeleo yanatoka kwenye miaka hiyo saba.

Sasa angalieni tarehe. Mwaka 1828 binti huyu alipanda jukwaani kama Juliet wa Shakespeare kabla hata hajatimiza miaka 16. Mwaka huohuo akawa Agnete katika Elverhøj, mchezo ulioandikwa kwa ajili ya harusi ya kifalme. Ndoa yake mwenyewe ilikuwa bado miaka mitatu. Kwa hiyo Heiberg alioa nyota, hakuoa binti wa kumtengenezea jina.

Naomba kuwasilisha.

*

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, umeruka mwaka 1826. Heiberg alimwandikia huyo binti nafasi ya Trine Rar katika mchezo wake Aprilsnarrene, binti akiwa na miaka 13. Na hiyo Elverhøj unayoitolea ushahidi aliiandika nani? Heiberg huyohuyo. Kubebwa hakungoji cheti cha ndoa. Halafu kuna 1855: Frederik Høedt na Michael Wiehe, waigizaji wa kutegemewa, walitofautiana na mkurugenzi wakahamia jukwaa la ikulu. Mwigizaji aliyeona mke wa bosi anapewa nafasi yake angempelekea nani malalamiko?

*

Mleta mada:

Hilo la mwisho nakupa, mkuu. Mkurugenzi kumpangia kazi mkewe ni kasoro ya uongozi, iwe Denmark au kwingine. Ila ugomvi wa Høedt ulikuwa na mzizi mwingine pia: yeye alitaka uigizaji unaofanana na maisha ya kawaida, Heiberg akishikilia uzuri uliopangwa. Usimtwike mama huyu mzigo wote.

Kuhusu Trine Rar, jiulize kwa nini mwandishi mwenye waigizaji wazoefu mkononi alimchagua mtoto wa dansi. Aliona kitu. Vodevili zake, michezo myepesi yenye nyimbo, zilihitaji mtu wa kuzipa uhai, na akampata. Wote wawili walifaidika, lakini historia imemwandikia deni mmoja tu.

Shahidi wangu mkubwa ni Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark wa zama hizohizo. Mwaka 1847 Johanne Luise alirudia nafasi ya Juliet, miaka 19 baada ya mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 34. Mwaka 1848 Kierkegaard akaandika mfululizo wa makala katika gazeti la Fædrelandet kwa jina la kubuni. Hoja yake ilikuwa kwamba watazamaji wanaomshangilia binti wa miaka 16 wanashangilia ujana wake. Umri ukishapita, ndipo mwigizaji wa kweli anapoweza kuuonesha ujana kama sanaa, kwa sababu hauchezi tena kwa bahati ya kuwa nao. Na kumbukeni, Kierkegaard hakuwa na sababu ya kumpamba mke wa Heiberg. Kitabu chake cha 1843 kilikuwa kimepokewa na Heiberg kwa uhakiki wa juujuu uliomuudhi sana. Mtu mwenye kinyongo na mume anamsifu mke kwa hoja nzito kiasi hicho, nanyi mnaniambia ni upendeleo?

Tena kuna yaliyofuata. Heiberg alifariki mwaka 1860. Mjane akaigiza hadi 1864, akaacha. Mwaka 1867 jumba likamchukua tena, safari hii awe mwongozaji wa maigizo, kazi aliyoifanya hadi 1874. Katika kipindi hicho ndipo michezo ya Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norway, wakati ule bado anajijenga, ilipoingia kwenye jukwaa lile: De unges Forbund mwaka 1870 na Kongsemnerne mwaka 1871. Ibsen akamshukuru kwa shairi refu lililoandikwa kama barua.

Anayeshikilia kwamba alibebwa aanzie hapo, anieleze kuanzia 1867 nani alikuwa anambeba.