Ejenti wa programu kwa mfumo wa amri wa kuzuia makombora

Swali: Wakuu habari zenu, nataka kutengeneza simulesheni ya amri ya kuzuia makombora, yani kila rada, kila betri ya Patriot (kikosi cha mitambo ya Marekani ya kudungua makombora na ndege) na makao ya batalioni iwe ejenti, yani kijiprogramu kinachojiamulia, sasa nimekwama, niweke ejenti mmoja mkuu au niwagawie maamuzi?

Jibu 1: Wagawie maamuzi, mkuu. Ukiweka ejenti mmoja anayeona kila kitu umeshaua swali, shida yenyewe ni taarifa kuchelewa. Chukua Mesa, maktaba ya Python ya kujengea simulesheni za ejenti, kila ujumbe uupe muda wa kuchelewa, afu kata laini ya mawasiliano uone nani anafyatua bila ruhusa.

Jibu 2: Naongezea, angalia vita vya Iraki, Machi 23, 2003. Patriot ya Marekani ilidungua kimakosa ndege ya kivita ya Uingereza, Tornado, wote wawili ndani wakafa. Kompyuta ya Patriot iliiona ndege ile ni kombora la kupiga rada, vifaa vya mawasiliano vya betri ile vilikuwa havijafika, wakabaki peke yao na kama dakika moja ya kuamua. Kwahiyo mwendeshaji wa betri naye awe ejenti, mpe kiwango cha kuiamini mashine, hapo ndo utaona mambo.

Muuliza swali: Asante sana, hicho kiwango naanza nacho leo.