Msaada: "Kimaya" ni lugha moja? Napanga wakalimani wa watu wa Huehuetenango

Mama Tumaini:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili na Kirundi huku Marekani. Siku hizi nimepewa pia kazi ya kupanga wakalimani wa lugha nyingine kwenye zahanati za eneo letu. Familia nyingi zinazofika zimetoka Guatemala, mkoa wa Huehuetenango, na kina mama watu wazima wengi Kihispania hakipandi. Mfumo wetu una kisanduku kimoja tu: "Kimaya". Ukikibonyeza unaletewa yeyote aliye zamu.

Juzi kaja mama msemaji wa Kichuj, akaletewa mkalimani wa Kimam. Wakasalimiana kwa Kihispania cha kuokoteza, mazungumzo yakaishia hapo. Msimamizi anasema hizo lugha ni za tawi moja, watazoeana. Nimetafuta michoro ya ukoo huo, kila mmoja una mti wake. Wenye ujuzi nisaidieni: nani yuko tawi gani, nani anamwelewa nani, na nipangeje?

Mzee wa Isimu:
Dada, pole na kazi. Msimamizi kakosea hata kwenye mti wenyewe. Lugha za Kimaya ni kama 30, na Guatemala peke yake inatambua 22. Watu wamekuwa wakizipanga tangu enzi za Mswisi Otto Stoll, aliyechapisha mpangilio wake mwaka 1884, ila mti unaotumika zaidi leo ni wa mwanaisimu Terrence Kaufman. Kwake yeye, Kiwasteko ndicho kilichojitenga kwanza, nacho kiko mbali kaskazini, upande wa Ghuba ya Meksiko. Likafuata tawi la Yucatán. Zilizobaki zikagawanyika mashariki na magharibi. Kimam kiko mashariki pamoja na Kik'iche'. Kichuj na Kiq'anjob'al ni za magharibi. Kwa hiyo Mam na Chuj ni majirani wa mkoa mmoja lakini undugu wao ni wa mbali sana.

Kaufman huyohuyo aliona chimbuko la ukoo mzima ni milima ya Cuchumatanes, hapohapo Huehuetenango, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Sasa lile kundi la magharibi linalokuhusu: upande mmoja yupo Kichuj, upande wa pili Kiq'anjob'al, Kiakateko, Kipopti' (wengine hukiita Kijakalteko) na Kimocho' cha Motozintla, Chiapas (jimbo la kusini mwa Meksiko), ambacho kimebaki kwa wazee wachache.

Tahadhari moja. Lugha mbili kufanana si ushahidi kwamba ni za tawi moja. Lugha mama ilikuwa na sauti yetu ya ng'. Kipopti' na Kichuj wameitunza, Kiq'anjob'al kimeigeuza n. Nyumba kwa Kipopti' ni kama "ng'a", kwa Kiq'anjob'al "na", kwa Kik'iche' "ja". Ukiangalia ng' peke yake utamtenga Popti' na ndugu yake wa karibu. Kilichotunzwa tangu kwa babu hakithibitishi tawi. Wanaisimu hutafuta mabadiliko ambayo kundi liliyafanya kwa pamoja.

Kibao Kata:
Kwa mantiki ya huyo bosi, Mkikuyu akiugua aletewe Mzulu. Si wote Wabantu?

Bint Shaban:
Dada, mti waachie wenye vitabu. Nimefanya kazi na hawa ndugu miaka mingi: uliza mji, usiulize lugha. Wengi watakujibu "lugha yetu" au "dialecto" (yaani lahaja), kwa sababu ndivyo walivyozoeshwa kuambiwa na wenye Kihispania.

San Mateo Ixtatán na San Sebastián Coatán ni Chuj. Soloma, Santa Eulalia na San Juan Ixcoy ni Q'anjob'al. San Miguel Acatán na San Rafael La Independencia ni Akateko. Jacaltenango ni Popti'. Todos Santos ni Mam. Akateko zamani kilihesabiwa lahaja ya Q'anjob'al, na kweli wanaelewana sana. Kwa kupanga miadi nitamkubali mkalimani wa Q'anjob'al kwa mgonjwa wa Akateko. Kwa kusaini ridhaa ya upasuaji, hapana.

Na usitume vipeperushi ukadhani umemaliza. Alfabeti ya pamoja ilipitishwa mwaka 1987. Waliosoma kabla ya hapo walisomeshwa kwa Kihispania, kama walisoma. Wengi walikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa watoto. Rekodi sauti.

Jambo jingine: wakalimani wengi hawajui Kiingereza. Unahitaji wawili, wa Q'anjob'al–Kihispania na wa Kihispania–Kiingereza. Omba muda mara mbili.

Mlimani B:
Mzee, mbona hukuitaja lugha ya Tojolabal? Mchoro wangu unamweka na Chuj.

Mzee wa Isimu:
Nilimruka makusudi. Kaufman alimweka na Chuj, mwanaisimu mwenzake Robertson akamsogeza kwa Tzeltal, lugha nyingine ya Kimaya ya Chiapas. Mwanaisimu Danny Law baadaye akasema hakuna haja ya kuchagua: ni lugha iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa Chuj na Tzeltal. Mfikirie Mbugu wa Usambara, sarufi ya Kibantu na msamiati mwingi wa Kikushi, utaona kwa nini mti unamshinda. Mimi nakubaliana na Law. Chuj, Q'anjob'al, Akateko na Popti' wana vijineno vinavyotangulia nomino kuonyesha ni mwanamume, mwanamke, mnyama au mti, karibu kama ngeli zetu. Tojolabal hana. Kwa Mama Tumaini jibu ni fupi: Mtojolabal anatoka Las Margaritas, Chiapas, na anahitaji mkalimani wake.

Mama Tumaini:
Asanteni sana, kesho napeleka fomu mpya yenye nafasi ya mji. Bint Shaban, nina watatu wameandika Barillas. Hao?

Bint Shaban:
Santa Cruz Barillas wengi ni Q'anjob'al, ila watu wa miji mingine wamehamia huko kutafuta ardhi, wamo Chuj na Akateko. Uliza wazazi walitoka wapi. Kisha mpigie mkalimani, mpe mgonjwa simu dakika mbili kabla ya miadi. Wakicheka pamoja, umepata.