Mrejesho: Maumivu ya kisigino ya baba baada ya ciprofloxacin

Nawashukuru nyote mliojibu nilipouliza kama ciprofloxacin, antibiotiki aliyoandikiwa baba kwa maambukizi ya njia ya mkojo, ndiyo iliyomletea maumivu makali nyuma ya kisigino. Daktari amethibitisha kwamba ndiyo inayoshukiwa: antibiotiki za kundi lake, fluoroquinolone, zinaweza kudhuru kano (nyuzi zinazounganisha msuli na mfupa), na hatari huongezeka kwa mtu aliyepita miaka 60 na anayetumia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe mwilini). Baba ana yote mawili, kwani humeza prednisolone kwa ajili ya pumu. Onyo hilo si geni, maana Marekani iliagiza liwekwe kwenye dawa hizo tangu mwaka 2008.

Tulifuata ushauri wa yule ndugu mfamasia: baba hakumeza dozi iliyofuata, na siku hiyohiyo tulirudi kwa daktari na pakiti zote mbili mkononi. Mkojo ulipimwa maabara kwa kuotesha vijidudu vyake, akabadilishiwa antibiotiki ya kundi jingine, na sasa haungui tena anapokojoa.

Kisigino, hata hivyo, hakijapona. Picha ya ultrasaundi ilionyesha kano imevimba bila kukatika, na bado anapanda ngazi za ploti yetu hapa Umoja akishika ukuta, akipumzika kila ghorofa. Ushauri wa kukanda kwa dawa ya kuchua tuliuacha, kwa kuwa daktari aliukataa. Aliyependekeza kumeza ciprofloxacin na maziwa, kwa heshima, maziwa hupunguza ufyonzwaji wake. Wiki ijayo anaanza fiziotherapia.