Nyumba ya Tudor, laki nane mkononi: jiko jipya, au paa na tangi?

BintiTudor: Salamu jamaa. Tuna nyumba ya vyumba vitatu huku Tudor, Mombasa, upande wa mkono wa bahari. Tulihamia mwaka jana, na baada ya miaka miwili hivi tunataka kuuza turudi Lamu kwa wazee. Tumeweka laki nane kando. Mume wangu anataka jiko la kabati mpya na meza ya granaiti, bafu lipigwe taili upya, na siling'i ya jipsam sebuleni. Mimi naona mabati yameanza kutoboka na tangi letu halimalizi wiki. Vyote haviingii kwa pesa hizo. Mngeanza wapi?

MamaBamburi: Jiko, mwanangu. Nilipouza yangu, wageni wote walikuwa wakipitiliza hadi jikoni. Paani hakuna aliyeinua macho. Mnunuzi ni kama mkwe, hutazama uso kwanza.

FundiChokaa: Mama, kwa heshima zote, hawakuinua macho kwa sababu paa lako lilikuwa zima. Jipsam chini ya bati linalovuja? Masika ya kwanza tu utaona ramani imejichora kwenye siling'i, na jipsam ikishalowa ni ya kuvunjwa. Binti, paa kwanza. Angalia misumari na kingo, maana hapo ndipo chumvi huanza kula. Pesa ikiruhusu, tia bati la alumini. Halafu pitisha mkono ukutani. Lipu inapukutika? Nyumba ni ya mawe ya matumbawe au ya bloku?

BintiTudor: Matumbawe, ya zamani. Ukuta wa chumbani umevimba kweli. Tushaupaka rangi mara mbili mwaka huu.

FundiChokaa: Basi pesa ndiyo mliyopaka. Jiwe la matumbawe hunywa maji. Wazee wa Mji wa Kale walipiga chokaa kwa sababu chokaa huacha ukuta upumue. Ukibandika saruji, unyevu unakwama ndani na chumvi inaisukuma lipu nje, hata upake rangi ya bei gani. Tafuteni kwanza maji yanaingilia wapi, kisha kwangueni hadi jiwe, liacheni likauke, ndipo mpige chokaa. Ni kazi ya polepole. Fundi atakayekwambia siku mbili amemaliza, mwambie akanywe kahawa.

DalaliKisauni: Mimi napeleka watu kuona nyumba kila wiki. Swali la kwanza Mombasa si jiko, ni "maji yapo?" Mtu akifungua mfereji akaonja chumvi, bei inashuka papo hapo. Mji huu unanyweshwa kutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Yakikatika ni boza au mkokoteni. Mwonyeshe tangi la ardhini la lita 10,000, jingine juu, na pampu inayonguruma: huyo keshaketi. Kisima cha maji ya chumvi usikitegemee kupandisha bei, kitakulia mabomba na hita.

Swali la pili ni taitili. Ikiwa ni nyumba bila ardhi, yaani kiwanja ni cha mtu mwingine mnamlipa kodi, msitie hata taili moja. Nimeona watu wakilia.

Na wekeni risiti zote. Kodi ya faida ya kuuza mali imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, kutoka 5. Gharama za kuboresha nyumba hutolewa kwenye faida, lakini kwa ushahidi. Ila mwenye nyumba akiishi humo mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, husamehewa. Nyinyi mkiuza kwa pupa mtaikosa hiyo kwa miezi michache tu, kwa hivyo hesabuni tarehe kabla hamjasaini.

MamaBamburi: Haya, nimeshindwa. Lakini kabati za zamani kama ni za mvule, msizitupe! Zipigwe msasa na vanishi. Zangu mnunuzi alizisifu kuliko taili.

BintiTudor: Ni za mvule, na taitili ni yetu. Fundi anapanda paani Jumamosi, tangi litafuata. Mume kayasoma yote, kauliza kitu kimoja tu: hata siling'i ya sebuleni peke yake?

FundiChokaa: Baada ya masika.