Nina baiskeli nne, naendesha moja. Niongeze ya tano au nipunguze?

Mpanda_Barani:
Assalaam aleikum wadau. Naomba ushauri wa wanaojua baiskeli, na hata wasiojua, bora wawe na nyumba ndogo kama yangu.

Nakaa Barani hapa Malindi, vyumba viwili na baraza. Nina baiskeli nne. Kuna black mamba ya marehemu baba, breki za vyuma, karia pana ya kubebea gunia. Kuna ya gia, tairi 26, mtumba nilioutoa Mombasa. Kuna ya mbio, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Na kuna ndogo ya kukunja, ambayo nikiulizwa niliinunulia nini huwa nageuza mazungumzo.

Kazini naenda na ile ya tairi 26. Sokoni hiyo hiyo. Kwa shangazi Mambrui hiyo hiyo. Zile tatu zimeegemea ukuta.

Sasa kuna mtu upande wa Casuarina anauza baiskeli ya matairi manene ya kupita mchangani, bei ya kutupa. Moyo unaitaka. Mamake watoto amesema ikiingia hiyo, ama linatoka kabati ama anatoka yeye. Kuhusu yeye mwenyewe nadhani alikuwa anatania. Kuhusu kabati, sidhani.

Wenye baiskeli nyingi, mnazitumia kweli?

Kusi_na_Kaskazi:
Waaleikum salaam. Nunua! Hesabu ya wapanda baiskeli inajulikana dunia nzima: idadi sahihi ni ulizonazo, ongeza moja.

Mimi ninazo sita na kila moja ina kazi yake. Ya mbio ni ya barabara ya Watamu kupitia Gede. Msimu wa kusi unatoka Malindi upepo uko usoni, unapigana nao mpaka njia panda ya Gede, ukirudi unasukumwa mgongoni huna haja hata ya kukanyaga sana. Jaribu safari hiyo na black mamba uone. Na ya matairi manene, maji yakiwa yamekupwa, asubuhi ufuoni ni wewe na ndege tu. Hiyo raha haina bei.

BintiSabaki:
Hiyo hesabu ina nusu ya pili ambayo wanaume huwa mnaisahau makusudi: zisifike idadi ya kuvunja ndoa. Shemeji ana haki yake. Baraza ni la watu kukaa.

Halafu Kusi, hizo sita, ya mwisho kuguswa ni lini? Sema ukweli wa Mungu.

Kusi_na_Kaskazi:
Dada, tulikuwa tunazungumza ya Mpanda.

Fundi_wa_Maweni:
Niingie kidogo kwa sababu hizi baiskeli za kuegemea ukuta ndizo zinazoniletea riziki.

Mpanda, usihesabu baiskeli, hesabu vipuri. Mamba yako ni 28 ya zamani, kipenyo cha rimu milimita 635. Ya mbio wanaiita 700, rimu ni 622. Ya gia ni 26, rimu 559. Ya kukunja kama ni 20, nyingi zao ni 406. Baiskeli nne, na hakuna tairi hata moja unaloweza kulitoa huku ukalitia kule. Vali pia. Ya mbio kwa kawaida ina vali nyembamba, ukienda kujaza upepo petroli steshen bila kile kichwa cha kubadilisha unarudi ulivyokwenda. Mamba ina vali ya kizamani ya kukaza kwa nati. Kwa hiyo una pampu ngapi humo ndani?

Hiyo ya manene usidanganyike na namba. Imeandikwa 26 kama yako na rimu ni 559 ile ile, lakini tairi lina upana wa inchi 4. Kwenye fremu yako haliingii, na tyubu yake utaitafuta mji mzima.

Sasa kuhusu kusimama. Bara baiskeli inaweza kulala mwaka ikaamka. Pwani hapana. Tyubu inavuja polepole, tairi linakaa limekandamizwa na uzito wa baiskeli, ubavu unapasuka pale pale lilipokunjika. Waya wa breki unashika kutu ndani ya mfereji wake ambako huoni. Unakuja kugundua unaposhuka ule mteremko wa daraja la Sabaki na kibano hakirudi. Na kubwa zaidi: ya mbio, kama fremu ni chuma na bomba la siti ni alumini, hewa ya chumvi inazishikanisha. Fanya hivi leo. Legeza nati ya siti, jaribu kuizungusha kwa mikono. Ikikataa, usiipige nyundo. Rudi hapa.

Mtoto_wa_Langoni:
Niko Lamu. Huku mjini vichochoro vyenyewe ukikutana na punda mmoja ana mzigo wa mawe lazima ujibane ukutani. Baiskeli yangu naisukuma kuliko kuipanda, mpaka nitoke nje ya mji. Ninayo moja, na hata hiyo naona nyingi. Mnaozungumzia sita, Mungu awazidishie nafasi.

Nahodha_Mstaafu:
Vijana, mnapenda kusema kila njia na baiskeli yake. Kwenye mashindano ya Tour de France, mpaka 1937 gia za kuhamisha cheni zilikuwa haziruhusiwi. Mtu anafika chini ya mlima, anashuka, anachomoa gurudumu la nyuma, analigeuza upande wenye jino la mlima, anapanda. Akifika juu anashuka tena, analigeuza tena. Milima ya Alps hiyo, na barabara za vumbi. Malindi yetu ni tambarare tupu, kilima kikubwa ni matuta ya barabarani.

Kusi_na_Kaskazi:
Mzee wangu shikamoo, lakini nikubishie kidogo. Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeitwaa hiyo Tour mara 4, siku ya kushindana na saa alikuwa anapewa baiskeli nyingine kabisa. Kama moja ingetosha wangempa ya nini?

Nahodha_Mstaafu:
Marahaba. Walimpa kwa sababu alikuwa analipwa kuiendesha. Wewe nani anakulipa?

Mpanda_Barani:
Mmenichekesha mpaka mamake watoto amekuja kusoma begani.

Fundi, nimelegeza nati kama ulivyosema. Siti ya ile ya mbio haigeuki hata unywele. Rangi ya fremu pale bomba linapoingia imevimba na kuna unga mweupe. Nimeangalia na hiyo ninayoipanda kila siku, hiyo siti yake inazunguka vizuri, ila cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu.

Fundi_wa_Maweni:
Unga mweupe ni alumini inayoliwa, ndiyo niliyokuwa naiogopa. Pindua baiskeli miguu juu. Tia mafuta ya kupenya kutu kutokea ndani, kwa chini kwenye ekseli ya pedali ukishaitoa, yashuke yenyewe mpaka kwenye siti. Acha mpaka kesho, rudia. Halafu kamata siti uizungushe kushoto kulia. Usivute juu. Ikianza kutoa mlio wa kukwaruza, ujue imeanza kukubali. Ikitoka, sugua bomba kwa msasa mwepesi na upake grisi kabla ya kulirudisha. Isipotoka niletee, lakini njoo na subira.

Hiyo cheni ya ile unayoipanda ndiyo nilikuwa nataka usikie. Chukua rula ya inchi. Weka sufuri katikati ya pini moja. Cheni mpya, inchi 12 inaangukia katikati ya pini nyingine barabara. Ikipita kwa moja ya kumi na sita, badilisha. Ikifika moja ya nane, imeshakula meno ya nyuma, utabadilisha cheni na friwili pamoja. Kuruka kwake naona uko hapo. Yaani baiskeli inayokulisha wewe na watoto ndiyo inadai matengenezo, na pesa inataka kwenda Casuarina.

Ukitaka mchanga, tia matairi mapana ya 26, inchi 2.1 hivi kama fremu inaruhusu, upunguze upepo. Hutapita mchanga laini, ila ule mgumu wa maji kupwa utapita. Ukirudi, mwagia maji ya mfereji siku hiyo hiyo, kausha, tia oili kwenye cheni. Maji ya kisima usitie, visima vingi vya huku vina chumvi, utakuwa umeosha chumvi kwa chumvi.

BintiSabaki:
Na mamba ya mzee usiiuze. Lakini si lazima ilale. Pale Kisumu Ndogo kuna vijana wanasambaza mikate kwa miguu. Mpe mmoja unayemjua aitumie, sharti aitunze na siku ukiitaka uipate. Ile karia haikuwekwa kwa ajili ya kupumzika.

Mpanda_Barani:
Hilo la mamba limenigusa, BintiSabaki. Yupo mpwa wangu anauza maziwa, nitaongea naye leo baada ya magharibi.

Ya Casuarina nimemwambia mwenyewe atafute mtu mwingine. Imeniuma, siwezi kudanganya. Kesho nikitoka kazini nakuja kwa Fundi na cheni. Ya mbio nitaihangaikia hiyo siti, ikikubali nitabaki nayo, kwa sababu Kusi naye ameniingiza tamaa ya barabara ya Gede.

Inabaki ya kukunja. Naiuza. Ina tairi mpya mbele, breki ya nyuma inataka waya, begi lake lipo. Anayetaka aseme.

Kusi_na_Kaskazi:
Shilingi ngapi?

BintiSabaki:
Wewe kaa kando! Mpanda, mimi naitaka, ya kupakia kwenye matatu nikienda Watamu. Elfu nne, na waya natia mwenyewe.

Mpanda_Barani:
Elfu sita dada, begi peke yake lina bei yake.

BintiSabaki:
Nne na nusu, naifuata mwenyewe Barani Jumamosi, na shemeji anapata baraza lake kabla ya adhuhuri.

Mpanda_Barani:
Anasema njoo Ijumaa.