Riwaya za sarakasi: Water for Elephants, The Night Circus au nicheki muvi tu?

mama_riwaya: Wadau habari zenu. Nataka riwaya ya maisha ya sarakasi za zamani, zile za kuhama mji hadi mji. Nimetajiwa Water for Elephants ya Sara Gruen na The Night Circus ya Erin Morgenstern, halafu ya Gruen ina muvi ya 2011. Nianze na ipi? Msinimalizie stori tafadhali.

Kibe_wa_Thika: Gruen, bila maswali. Ni Marekani 1931, uchumi umekufa, kijana Jacob anasomea udaktari wa wanyama chuo cha Cornell, wazazi wanakufa kwa ajali ya gari, anaingia mtihani wa mwisho anatoka hajaandika kitu, usiku anadandia treni kumbe ni ya sarakasi. Kilichonishika mimi ni mambo ya mshahara bana. Wanaofunga mahema wanakaa wiki na wiki bila kulipwa, na bosi akiona watu wamezidi anawatupa nje ya treni ikiwa inatembea, usiku, wasije wakadai.

ua_la_asumini: Mi naona mnaionea Night Circus. Mahema meusi na meupe, inafunguliwa giza likiingia tu inafungwa alfajiri, wachawi wawili vijana wanashindanishwa na walimu wao mwisho wanapendana. Maelezo yake matamu mpaka unasikia harufu ya karameli.

Kibe_wa_Thika: Tamu sawa, ila dada ameomba maisha. Huko nani anazoa mavi ya farasi? Nani anadai pesa yake? Ile ni ndoto tu.

ua_la_asumini: 😂 haya nimekusikia. Ila kwa mtu aliyechoka na shida za dunia, ndoto ndo dawa.

babu_msomaji: Wanangu, mmemsahau ndovu Rosie. Wanamwona mjinga haelewi amri, August, msimamizi wa wanyama, anampiga kwa fimbo ya ndoano mpaka roho inakuuma, kumbe bibi huyo aking'oa kigingi alichofungiwa anajiendea zake kunywa limau ya wateja, akishiba anarudi na kukichomeka palepale. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Na kwanini haelewi amri, hilo sisemi.

mama_riwaya: Asante babu kwa kuuchuna 🙏 na muvi je?

ua_la_asumini: Muvi nzuri kwa macho, Christoph Waltz anatisha kweli kama August. Lakini wamemfuta Uncle Al mwenye sarakasi wakampa August umiliki, so ile siasa ya bosi na msimamizi wake imepotea, anabaki mume katili na mke mrembo basi. Pia Jacob mzee wamempunguza sana, na kwenye kitabu ndo anaesimulia, yuko nyumba ya wazee, hajui ana miaka 90 au 93, anagombana na mzee mwenzie anayejidai eti aliwahi kuwabebea tembo maji. Hapo hapo ndo jina la kitabu limetoka. Isome kwanza.

Kibe_wa_Thika: +1. Kuna na Nights at the Circus ya Angela Carter, dada mwenye mabawa, London 1899 mpaka Siberia, ila kingereza chake kinataka kahawa.

mama_riwaya: Basi Gruen. Napika huku nasikiliza, kuna ya sauti?

babu_msomaji: Ipo, wasomaji wawili, mmoja wa Jacob kijana mmoja wa mzee. Ukifika kwenye limau zima jiko kwanza.